Bustani imegeuka pori? Dakika 20 kwa siku zinatosha, ila uzitumie hivi

Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. "Nimehamia nyumba ina bustani, majani yananifika kiunoni, naanzia wapi?" "Nilisafiri miezi kadhaa, nimerudi hata njia siioni." "Mzee ndo alikua anaitunza, saivi hana nguvu na mimi sijui hata pa kushika." Nimeshajibu kwa vipande vipande mara nyingi mno, leo naandika yote kwa mkupuo mmoja na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujashika panga, maana najua mkono unakuwasha.

Jibu fupi: usifyeke yote siku moja.

Kila mtu anataka kufyeka yote siku moja. Mi mwenyewe mara ya kwanza nilianza jumamosi asubuhi na mapema nikaenda kona hadi kona, jioni nimekaa mlangoni mgongo umekufa ganzi, viganja vimetoka malengelenge, najisifu, alafu wiki tatu sikugusa tena kwa sababu nilikua sitaki hata kuliona jembe. Mvua ikanyesha mara mbili. Wiki ya nne ukipita pale ungeapa hakuna mtu aliyewahi kufyeka, na kilichorudi kilikua kibaya kuliko nilichokitoa, yani zile nyasi ndefu angalau zilikua zinaupa udongo kivuli, nilipoziondoa jua likapiga chini moja kwa moja na mbegu zilizokua zimelala humo kwa miaka zikaamka kwa pamoja. Nguvu ya soda hiyo.

Kusafisha sio kazi. Kazi ni ile sehemu uliyosafisha jana ibaki safi wakati wewe leo uko kwingine. Kwa hiyo maelekezo yote hapa chini yanazunguka sheria moja tu: usifungue eneo ambalo hutaweza kulirudia. Ukiishika hiyo, mengine hata ukikosea kidogo utafika.

KABLA HUJAANZA KUSANYA HIVI

- Glovu ngumu, sio zile laini za kuoshea vyombo. Miiba inapita.
- Mabuti au viatu vilivyofunika mguu mzima, na suruali ndefu. Ndala hapana, hata kama ni dakika tano.
- Miwani ya kukinga macho, yoyote ya plastiki. Fyekeo likigonga kijiwe hujui kinarukia wapi.
- Panga au fyekeo, na TUPA ya kunolea. Watu wanasahau tupa alafu wanalalamika mikono inauma.
- Jembe uma, lile la meno. Utaliona faida yake hatua ya 6.
- Kijembe kidogo cha palizi, cha mkono au cha mpini mrefu.
- Mkasi wa kupogolea matawi membamba, na msumeno mdogo kwa yanayozidi unene wa kidole gumba.
- Reki, ndoo mbili, na toroli kama unayo. Kama huna, shuka kuukuu inavuta majani mengi kuliko unavyofikiri.
- Maboksi ya katoni, mengi, anza kuyahifadhi leo.
- Kamba na vijiti vya kuchomeka.
- Saa ya kukulilia. Simu inatosha.

Kitu kingine ambacho hakiuzwi wala hakibebeki: hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na muda. Bustani iliyotelekezwa ina misumari, mabati na waya chini ya majani, na vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo wenyewe, sio kwenye kutu kama watu wanavyodhani.

Muda ni dakika 20, siku nne au tano kwa wiki. Saa ikilia UNAACHA hata kama umenogewa. Najua inakera lakini siku ukinogewa ukafanya masaa matatu, kesho hutatoka, keshokutwa hutatoka, na ukitoka wiki ijayo unaanza upya.

HATUA ZENYEWE

1. Zunguka mikono mitupu

Siku ya kwanza hukati kitu. Chukua fimbo ndefu, tembea taratibu, piga piga chini mbele yako ili kama kuna nyoka apate nafasi ya kuondoka. Unatafuta hatari: vioo, mashimo, mifuniko ya chemba, bomba, nyaya za umeme, mzinga wa nyuki au nyigu kwenye kichaka. Kila ukiona kitu hicho, chomeka kijiti chenye kitambaa cha rangi kali. Nyuki usijaribu kuwatoa mwenyewe, tafuta mtu wa kazi hiyo.

Angalia pia viota vya ndege. Kikiwa na mayai au makinda, kichaka hicho kiache mpaka waruke, bustani ni kubwa, kuna kwingine kwa kuanzia.

Piga picha toka sehemu nne, na ukumbuke uliposimama. Wiki ya tano utaona kama hujafanya kitu, na hizo picha ndo zitakazokuzuia usikate tamaa.

2. Fungua njia

Toka mlangoni mpaka kwenye maji, toka mlangoni mpaka getini, na njia moja mpaka mwisho wa bustani. Upana wa toroli, basi. Usijali usafi wa pembeni, we fyeka upite. Bila njia kila kazi inakua nzito mara mbili kwa sababu unabeba takataka unaruka visiki.

3. Kata vichwa vya mbegu, bustani nzima

Hii ndo kazi pekee utakayoifanya eneo lote kwa wakati mmoja na watu wengi wanairuka. Pita na mkasi na ndoo, kata kila ua na kila shuke la gugu kabla mbegu hazijakomaa. Usiling'oe, usilifyeke, kata kichwa tu kitie ndoo. Dakika 20 unaweza kupita eneo kubwa sana.

Sababu ni hesabu tu. Shina moja la kishonanguo, lile linalokuachia vijisindano kwenye suruali, linatoa mbegu kwa maelfu. Kila kichwa ulichokata leo ni palizi ambayo hutaifanya mwaka kesho. Kata vichwa alafu magugu yenyewe yaache yasubiri zamu yao, hayaendi popote. Rudia zoezi hili kila wiki mbili mpaka umalize bustani.

4. Gawa vipande

Pima mita 2 kwa 2, chomeka vijiti, funga kamba. Kipande cha kwanza kiwe KARIBU NA MLANGO, sio ile kona mbaya kuliko zote. Kila anayeanza anaivamia kona mbaya kama vile ina deni lake. Kona mbaya huioni ukiwa ndani, kwa hiyo huirudii, kwa hiyo inakushinda. Cha mlangoni unakipita kila siku, gugu likichomoza unaliona likiwa na majani mawili.

Upate picha ya safari: bustani ya mita 10 kwa 10 ina vipande 25. Kipande kilichoshona vizuri kinakula kama siku tatu za dakika 20. Hiyo ni siku 75 za vipande peke yake, na kwa siku tano za wiki ni wiki 15, siku za vichaka na takataka ziko juu ya hizo. Ni miezi mitatu na nusu hivi, na ukiona ni mingi jiulize pori hilo limechukua muda gani kukua.

5. Shusha majani kwa awamu

Kipande cha kwanza sasa. Fyeka mpaka ibaki kama sentimita 15 hivi, kusanya kwa reki, weka pembeni (usitupe, tutayatumia). Usikwangue mpaka udongo uonekane. Kwanza huoni kilichomo chini, pili unaweza kufyeka kitu kizuri.

Mi nilifyeka mmea mmoja nikajua ni kichaka tu cha porini, vijiti vijiti vimejiviringa kwenye uzio, na baadae shina likachipua likatoa maua meupe jioni nzima inanukia. Asumini. Ilikua humo miaka yote inapigania jua na mi nimeipiga panga. Ilipona, lakini tangu hapo kitu nisichokijua nakipa nafasi mpaka kitoe ua.

Kama sehemu ilikua ni majani ya bustani, yale ya kukanyagia, na unataka yarudi, shusha taratibu: leo sentimita 15, baada ya wiki moja na nusu sentimita 10, alafu 7. Ukiyakata kwa kasi mpaka chini yanabaki mashina ya njano yasiyo na nguvu na magugu yanaingia kwenye mapengo.

6. Ng'oa, lakini jua unang'oa nini

Hapa ndo penye shida zote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kundi la kwanza ni magugu ya mbegu, yale yenye mzizi mmoja mmoja. Rahisi. Udongo ukiwa na unyevu shika chini kabisa shinani, vuta wima, yanatoka mazima. Yakiwa madogo hata usiiname, pitisha kijembe juu juu, sentimita 2 au 3 tu, siku ya jua kali, yatakauka hapo hapo yalipolala. Usichimbe kwenda chini, kila ukigeuza udongo unazipandisha mbegu mpya kwenye mwanga.

Kundi la pili ni yanayotambaa chini kwa chini, sangari na ndugu zake. Chomeka jembe uma, tikisa, inua udongo wote uachie, alafu fuata mzizi kwa mkono. Ni mweupe, una vifundo kama mua mdogo, na ncha yake imechongoka inaingia hata kwenye kiazi. Ukivuta kwa hasira utasikia "tk" na umebaki na kipande mkononi, kingine kimebaki chini, na kila kifundo kilichobaki ni mmea mpya. Ndo maana nasema jembe uma, jembe la kawaida linakata kata, umechukua adui mmoja umemfanya ishirini. Vuta taratibu, ukikwama inua udongo tena, vuta. Dakika 20 unaweza kujaza ndoo moja tu kutoka eneo la meza. Ni sawa.

Kundi la tatu ni ndago. Aisee ndago. Juu unaona jani jembamba la kijani kinang'aa, shina ukilishika lina pembe tatu, unavuta linatoka kirahisi unafurahi, kumbe chini kuna vijiazi vyeusi vimeunganishwa kwa uzi kama shanga, na wewe umeondoka na jani tu. Ukichimba sehemu yenye ndago nyingi huwezi kupata vijiazi vyote, sahau. Kinachofanya kazi ni kuvinyima chakula: kata jani kila linapotokea, kila wiki, bila kukosa, kabla halijapata muda wa kutengeneza vijiazi vipya. Kila chipukizi linatumia akiba ya chini, na akiba huisha. Itachukua misimu. Kwa ndago kurudi mara nyingi kunashinda kuchimba sana, na hilo nimelikubali baada ya kuchimba sana.

Tahadhari: ukikata mmea ukatoa utomvu mweupe kama maziwa, usiguse uso wala macho. Kuna jamii zake zinaunguza ngozi na macho vibaya. Nawa kwanza kwa maji mengi na sabuni.

7. Funika SIKU HIYOHIYO

Udongo mtupu haukai mtupu. Usipoufunika wewe utajifunika wenyewe kwa magugu.

Chukua maboksi, toa selotepu na pini zote, kunjua, tandika, kila boksi lipande juu ya mwenzake sentimita 15 mpaka 20 kwa sababu magugu yanatafuta mwanya kama maji. Mwagia maji mpaka yalainike yalale. Alafu juu yake weka matandazo, yale majani uliyofyeka kama hayana mbegu, majani makavu ya miti, maranda, chochote kilichowahi kuwa mmea, unene wa sentimita 7 mpaka 10. Ukiweka nyembamba unajidanganya.

Karibu na shina la mti au ua acha nafasi kama sentimita 10. Matandazo yakigusa shina yanashika unyevu, gome linaoza.

Boksi litaoza lenyewe baada ya miezi kadhaa, na chini yake udongo unakua laini na minyoo wanahamia. Ukitaka kupanda kitu kikubwa, toboa tundu panda humo humo.

8. Dakika 5 za kwanza ni za kurudi

Nadhani hii ni hatua muhimu kuliko zote na ndo inayoonekana ya kijinga. Kila siku kabla hujagusa kipande kipya, dakika 5 za kwanza zunguka vipande vilivyokwisha. Umebeba kijembe na ndoo, unachomoa kilichochomoza, unarudisha matandazo yaliyoparuliwa na kuku au paka, umemaliza. Alafu dakika 15 zinazobaki ndo za kusonga mbele.

Na hapa kuna kipimo: dakika 5 zikiisha hujamaliza kuzunguka, leo HUFUNGUI kipande kipya. Dakika zote 20 zinaenda huko huko kwenye vya zamani. Bustani inakuambia umeenda mbio kuliko uwezo wako. Wiki ya kwanza kwa kila kipande ni ngumu, vinachomoza vingi, ikifika wiki ya nne au tano unachomoa vitano sita unapita.

9. Vichaka na miti iliyojiachia

Usipogoe kila kitu kwa wakati mmoja. Kila kichaka kina mpangilio uleule wa kazi: toa kwanza vilivyokufa, alafu vyenye ugonjwa, alafu vinavyosuguana. Mara nyingi ukimaliza hivyo vitatu utashangaa kichaka kimeshapata sura na hukuhitaji kukata zaidi.

Hujui kama tawi limekufa? Kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani na unyevu, liko hai. Kahawia na kavu, kwaruza tena chini kidogo, endelea mpaka ukute kijani, kata hapo.

Kwa mwaka usitoe zaidi ya theluthi moja ya kichaka. Vipo vinavyovumilia kukatwa mpaka chini, vipo ambavyo havichipui tena kwenye mti wa zamani, misonobari mingi na jamii zake ukiikata mpaka kwenye sehemu isiyo na majani inabaki hivyo hivyo kipara milele.

Tawi nene lina mikato mitatu. Wa kwanza toka CHINI, kama sentimita 30 toka kwenye shina kuu, ingiza msumeno robo tu. Wa pili toka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi litaanguka bila kuchuna gome la mti. Wa tatu unaondoa kile kisiki kilichobaki, ukikata nje kidogo ya ule uvimbe uliopo tawi linapoota. Usikate uvimbe wenyewe, hapo ndo mti unapojifungia kidonda. Na usipake rangi wala lami, mti unajua kujitibu.

Tawi lililo juu ya kichwa chako, lililo karibu na waya wa umeme au linalohitaji ngazi, sio la dakika 20 na sio lako. Mwite fundi wa miti.

10. Takataka zake

Gawa mafungu matatu. Majani mabichi yasiyo na mbegu na majani makavu yanaenda kwenye lundo la mboji, changanya tabaka kwa tabaka, makavu yawe mengi kuliko mabichi, na unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Matawi kata kata, rundika kona ya nyuma au yatumie kuzungushia lundo la mboji. Fungu la tatu ni hatari: vichwa vya mbegu, mizizi ya sangari, vijiazi vya ndago. Hivi USIWEKE kwenye mboji, lundo la nyumbani halipati joto la kutosha kuviua. Vitie kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko viozee humo wiki 6 au zaidi (inanuka, iweke mbali na dirisha), au mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa ukae juani mpaka viwe uji.

Kuchoma moto bustanini sipendi. Moto unatoroka, na kuna mimea kama oleanda ambayo hata moshi wake una sumu.

MFANO WA WIKI

Jumatatu vichwa vya mbegu au kufyeka kipande. Jumanne kung'oa na kufunika ulipong'oa. Jumatano mapumziko, noa vifaa ukipata hamu. Alhamisi kung'oa kinachobaki na kutandika boksi hapo pia. Ijumaa mkasi, kichaka kimoja tu. Jumamosi kubeba takataka na kusogeza kamba. Jumapili kaa uiangalie. Na kila siku ya kazi inaanza na zile dakika 5.

Mvua ikinyesha sana usiingie kwenye udongo uliolowa chepechepe, hasa wa mfinyanzi, unaukandamiza ukikauka unakua tofali. Siku hiyo fanya mkasi ukiwa umesimama kwenye njia.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Kupanda mapema. Mtu amesafisha mita mbili tayari amebeba miche ishirini. Subiri angalau wiki nne uone nini kinachomoza, ukishapanda maua kung'oa sangari katikati yake ni kama kutoa nywele kwenye uji.

Kukodi mashine ya kulimia ipite eneo lote. Inapendeza siku mbili. Imekata mizizi inayotambaa vipande elfu na kuipanda kwa mstari.

Kukimbilia dawa ya kuua magugu. Sikukatazi, ila haizuii mbegu zilizolala, inaweza kupeperuka ikaua ulichotaka kubaki nacho, na lazima usome lebo yote na uvae vizuri. Ukishindwa kurudi na kijembe utashindwa kurudi na bomba la dawa pia.

Chumvi na siki ulivyoona mahali? Chumvi usiweke, unaharibu udongo wenyewe. Siki inachoma majani, mzizi unacheka.

Panga butu. Butu linateleza, na likiteleza linakuja kwako.

UKIKWAMA

Magugu yanatoboa boksi. Kama ni machache ni kwenye maungio, ongeza boksi jingine juu na matandazo. Kama ni vijani vyembamba vimechongoka vinatoboa katikati kabisa ya boksi hiyo ni ndago, hiyo inatoboa hata plastiki nyembamba, usihangaike kuongeza boksi, ikate kila wiki kama nilivyosema.

Sijui hiki ni ua au gugu. Kifunge uzi mwekundu, kiache. Kikiwa kimejipanga sehemu moja au kwa mstari kuna uwezekano mtu alikipanda, kikiwa kimesambaa kila mahali ovyo kuna uwezekano hakuna aliyekipanda. Ila kikitoa maua hujakitambua, kata maua kabla ya mbegu, hujapoteza kitu.

Udongo mgumu uma hauingii. Usipigane nao. Mwagia maji jioni, funika na boksi na matandazo, nenda kipande kingine, rudi baada ya wiki tatu au nne. Utashangaa.

Konokono wamejaa kwenye matandazo. Kwa wiki chache punguza unene karibu na miche michanga, tega kipande cha ubao chini usiku, asubuhi kigeuze, wako hapo wote wamekusanyika.

Nyasi zinatambaa kutoka upande wa pili wa uzio. Chimba mfereji mwembamba mpakani, kina sentimita 15 upana wa sepetu, uache wazi. Mizizi ikitokeza hewani unaikata. Mfereji nao uwe kwenye mzunguko wa dakika 5, ukiusahau unajaa udongo na wao wanavuka.

Kichaka nilichopogoa kimetoa vijiti vingi vyembamba vimesimama wima. Umekikata sana, kinahangaika. Usivikate vyote tena. Chagua vichache vilivyokaa vizuri, toa vingine vikiwa bado laini, hata kwa kidole vinabanduka.

Nimeacha wiki tatu nzima, niliumwa / nilisafiri / nilichoka. Hujarudi sifuri. Usiende kwenye kipande kipya na usiende kwenye kile ulichokua unakifanya. Siku ya kwanza kata vichwa vya mbegu kila mahali. Siku ya pili anza na kile cha mlangoni, chomoa kilichoota, rudisha matandazo, nenda cha pili, cha tatu, kwa mpangilio uleule uliovifungua. Vile vya zamani vitakuchukua dakika mbili mbili, vya karibuni ndo vitakua vimechafuka. Ukifika kwenye kamba uliyoiacha, ikute hapohapo, hata kama imefunikwa na majani itafute, ndo uendelee.